Kitambaa Kikavu

Dilini alinipigia simu Jumanne, saa za asubuhi ambazo mimi huwa nimekaa ukumbini nikiziangalia kazi za nyumba na kuzitafutia sababu ya kuziacha. Alizungumza Kiarabu cha wauguzi wa kigeni, kilichonyooka na kisicho na mapambo. Alisema anafanya kazi zahanati moja kule Sur, pwani ya Omani, mkataba wake unamalizika, na mwisho wa mwezi anarudi kwao Sri Lanka. Kisha akasema, "Mimi ni mtoto wa Kusuma, yule aliyemhudumia Bibi Zuwena, Ibra." Nikamuuliza Kusuma hajambo. Akasema mama amefariki, unakaribia mwaka sasa, na kuna kitu chake anataka kuja nacho nikione. Sikuuliza ni kitu gani. Nilimwelekeza nyumba yangu hapa Izki, nyuma ya maduka, penye mlango wa chuma wa kijani, nikamwambia aje Jumamosi. Nilipoweka simu chini nilibaki nimekaa pale pale mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.

Nimechoka siku hizi, na sisemi hivi ili nionewe huruma. Ni uchovu wa mtu aliyefundisha watoto wa watu umri wake wote, akalea wake, akazika mume, na sasa anaishi katika nyumba ya vyumba saba akitumia viwili. Kabati la shaba limo katika kimoja cha vile vitano. Ndani mna masinia matatu makubwa, mdila wa kahawa, mrashi wa kunyunyizia marashi na chetezo cha kufukizia udi, vitu vilivyotoka Unguja pamoja na Bi Zuwena na vikaniangukia mimi kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyevitaka. Vyote vimekuwa vyeusi. Mkaza mwanangu aliwahi kuniletea chupa ya dawa ya kung'arishia kutoka dukani, akaiweka juu ya meza bila kusema neno, na kutosema kwake ndiko kulikoniuma. Kwa watu wetu, mwanamke mwenye shaba nyeusi ndani ya kabati ni mvivu, hana jina jingine. Najua wananisema. Wasichokijua ni kwamba tangu nilipokuwa na miaka ishirini na moja sijasugua shaba ya mtu yeyote, hata yangu mwenyewe.

Mwaka huo nilipelekwa kufundisha skuli ya wasichana Ibra, na nikawekwa kwa Bi Zuwena, shangazi wa baba yangu, niliyemwita Bibi kama walivyomwita watu wote. Ilikuwa nyumba ya kuta nene, vyumba vimezunguka ua, na jiko liko peke yake upande wa mitende. Chumba cha wageni kilikuwa na mazulia mazuri na hakikaliwi, ila Jumatano, wanawake wakitoka soko lao la wanawake watupu wanapita kunywa kahawa na kumsengenya aliyeuza vitambaa kwa bei ya ukorofi. Chumba changu kilikuwa na kiyoyozi cha dirishani kilichonguruma mpaka meno yakatetemeka. Nilikuwa nikikizima, nikafungua dirisha, nikavumilia joto, na hivyo ndivyo nilivyoyasikia maneno yote ya jikoni mwaka mzima.

Jikoni walikuwamo Bibi na Kusuma. Kusuma alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, aliyeletwa miaka miwili kabla yangu amtazame Bibi, maana Bibi alikuwa na sukari na miguu yake ilikuwa haitaki tena kumbeba. Alikuja Omani hajui Kiarabu, akatiwa katika nyumba ambayo mwenyewe anaota kwa Kiswahili, basi akajifunza Kiswahili. Na alijifunza kwa Bibi, Kiswahili cha Unguja ya zamani, kiasi cha kwamba yeye alisema "miye" na "weye" wakati mimi, niliyelelewa Maskati, nilikuwa nachanganya maneno na kuokota ya Kiarabu kila nilipokwama. Kilichowafunga wale wawili ni nazi. Bibi alikuwa na mbuzi ya kukunia, kile kigoda chenye ulimi wa chuma, na Kusuma alipokiona mara ya kwanza alicheka mpaka akalia, kwa sababu kwao wanacho.

"Weye, taratibu, utakuna na kifuu!" Nilikuwa nikimsikia Bibi.

"Kwetu twakuna hivi hivi, Bibi."

"Kwenu! Kwenu ndio mnatia pilipili kama mna ugomvi na tumbo."

Lakini akiletewa ile nazi ya Kusuma, iliyopondwa na pilipili nyekundu na ndimu, aliila na mchuzi wa papa mkavu wa Sur, na wala hakutubakishia. Mimi nilikula pembeni ya sinia, mgeni wa maneno yao, na nakumbuka nilivyokuwa naona wivu. Nilikuwa damu yake, na nilikuwa sichekwi wala sitaniwi.

Alhamisi ilikuwa siku ya shaba. Baada ya alasiri vyombo vyote vilitolewa uani juu ya mkeka, tukakaa na ndimu zilizokatwa, majivu ya kuni yaliyochungwa, na makumbi ya nazi ya kusugulia. Ndimu inakata uchafu, majivu yanalainisha, makumbi yanatoa mng'aro, kisha maji, kisha jua, kisha kitambaa. Bibi alikaa kitini akisimamia kama mkaguzi wa skuli. Hakuna kitu alichokiamini zaidi ya shaba inayong'aa. Alikuwa akisema nyumba za Unguja zilijulikana kwa masinia yake kabla hujajua jina la mwenye nyumba. Na mimi sikumpendeza hata Alhamisi moja. "Mwanangu, hiyo ndiyo umesugua? Naiona bado imelala," alikuwa akisema, kisha anakipokea chombo mkononi mwangu na kumpa Kusuma. Nilikuwa mwalimu, nina wanafunzi wanaosimama nikiingia darasani, na kila Alhamisi nikinyang'anywa mdila mbele ya macho yangu.

Kusuma alikuwa na sanamu, nami niliiona nilipougua. Homa ilinishika mwezi wa tatu wa kukaa kwangu, na Kusuma akanihamishia chumbani kwake, kilichokuwa karibu na jiko, apate kunitazama huku anapika. Siku tatu alinikanda kwa maji, akaninywesha uji wa mchele, akanibadilisha nguo kama mtoto. Siku ya nne nikafumbua macho sawasawa, na juu ya kabati, katika sanduku la bati alilolilaza likawa kama kichumba, nikaona kitambaa cheupe, asumini tatu zilizochumwa uani kwetu, na mtu wa shaba aliyekaa amekunja miguu. Kimo chake hakikuzidi shubiri. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyokaa. Nilishituka, maana nilijua hadithi kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sanamu, na nilijua Bibi akiona atamrudisha mtu kwao.

"Bibi anajua?" nilimuuliza.

"Hajui. Usimwambie, dada Salama."

Nikamwahidi. Na kwa kuwa nilikuwa nimelala sina la kufanya, na kwa kuwa nilipenda kuwa na siri na mtu katika nyumba ile, nikaanza kumuuliza maswali, na yeye akanijibu huku anachambua mchele. Yule, alisema, ndiye mwalimu wa dini yao, na alizaliwa mtoto wa mfalme. Masikio yake marefu namna ile kwa sababu alivaa vipuli vizito vya dhahabu, kisha akavivua akaondoka, na masikio yakabaki yananing'inia kumkumbusha alichokiacha. Nikacheka, nikamwambia bibi zetu wote wana masikio hayo, kwa kuvaa majasi mazito. Mikono imelala mapajani, wa kulia juu ya wa kushoto, wazi, kwa sababu haishiki kitu. Ule ulimi wa moto kichwani ni alama ya kujua. Chini yake ni yungiyungi, ua ambalo mizizi yake imo topeni na lenyewe limetoka safi. Kaka yake Kusuma ndiye aliyemtengeneza. Alimchonga kwanza kwa nta ya nyuki, akamviringishia udongo wa kichuguu, akautia motoni nta ikayeyuka ikatoka, na pale ilipokuwa nta akamimina shaba. Ukishapoa udongo unavunjwa, na kwa kuwa kalibu imevunjwa, hapatatoka mwingine kama huyu. Kaka yake alimpa siku aliyopanda ndege. Nilimsikiliza kama ninavyosikiliza habari za nchi ya mtu. Dini yangu ninayo, na haikutikisika kwa kusikia. Nilichokiona ni kuwa mwanamke huyu, aliyekuwa akiinuliwa na kukalishwa na sauti ya mtu mwingine mchana kutwa, alikuwa na sanduku moja la bati ambalo ni lake.

Kabla hajamfunika alimfuta, kuanzia kichwani kushuka chini, kwa kitambaa kikavu cha pamba. Hakumshika kichwa wala shingo, alimbeba kwa viganja viwili chini ya kikalio. Mimi, mtu wa Alhamisi, nikamwambia angepata ndimu angewaka kama taa.

"Ndimu hapana. Ndimu yala. Huyu kitambaa kikavu tu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada Salama."

Nikasema, haya. Nikajisemea moyoni kwamba hawajui shaba hawa.

Ikafika Idi Kubwa. Siku nne kabla, Bibi alikuwa na miadi ya sukari hospitali ya Nizwa, na mpwa wake mmoja akaja kuwachukua yeye na Kusuma, wakalale kwa jamaa siku mbili. Mimi nikaachiwa nyumba na amri moja, shaba yote iwe tayari. Nilifanya kazi ile kama mtu anayeapa. Asubuhi hadi alasiri nilikuwa uani, mikono imebabuka kwa ndimu, na kwa mara ya kwanza masinia yale yalitoka yakiniakisi mpaka nyusi. Nilipomaliza nilikuwa na nusu kikapu cha ndimu na nguvu ambayo bado haijataka kukaa. Nikamkumbuka Kusuma, siku tatu za homa, ule uji. Nikafikiri, sijawahi kumlipa. Na nikafikiri pia, sitaficha, kwamba akimwona mtu wake anavyong'aa atajua kuwa watu wa Unguja hatufundishwi shaba na mtu.

Nikaenda nikamchukua. Nilimbeba kwa viganja viwili kama alivyofanya yeye, hilo nililikumbuka. Nikamlaza juu ya mkeka, nikampaka ndimu na majivu, nikachukua makumbi, nikamsugua mgongo, magoti, vidole, mikunjo ya nguo. Usoni nikasugua zaidi kwa sababu palikuwa na weusi katika macho. Makumbi yalitoka na rangi nyeusi. Shaba yoyote ukiisugua inatoa nyeusi, nikajiambia, na nikaendelea. Nilipomsuuza na kumweka juani alikuwa mpya kabisa, wa manjano kama pete ya arusi. Nikamrudisha sandukuni, nikamchumia asumini mbichi. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote nilizokaa Ibra.

Walirudi kesho yake baada ya adhuhuri. Bibi aliteremshwa garini, akakalishwa ukumbini, akaletewa masinia, na akayageuza moja moja bila kusema lolote baya. Mimi nilikuwa nikimwangalia yeye, simwangalii Kusuma, ambaye alikwenda kuweka begi lake. Kisha nikamsikia. Haukuwa ukelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari na hataki kuamsha watu. Akatoka chumbani amembeba mtu wake viganjani, hakuficha tena, akaja mpaka katikati ya ukumbi, mbele ya Bibi, akasimama.

"Nani?" alisema.

Ndipo nami nilipomtazama yule wa shaba usoni nikaona. Hakuwa na macho. Yalikuwapo macho yaliyochorwa kwa wino, mweupe na mweusi, mstari mwembamba kama unywele, na sasa paling'aa pale kama goti linavyong'aa.

"Mimi," nikasema. Nilikuwa bado natafuta la kuongezea, Bibi akanitangulia.

"Lete hapa nione." Kusuma hakuleta, basi Bibi akainama yeye, akakunja jicho. Nilijua sasa atapiga kelele, atamwita mpwa wake, begi litarudi garini. Lakini Bibi aliegemea kiti akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukalegea. "Alhamdulillahi," akasema. "Kusuma, weye wadhani miye sijui? Miaka miwili asumini yangu yachumwa, na nywelini mwako siioni. Nimenyamaza kwa kuwa nakupenda. Kila nikisali nasema, ya Rabbi, nisamehe, ni mtoto wa watu. Sasa limekwisha. Sanamu lisilo macho halina uso, na lisilo uso si sanamu, ni shaba tu kama mdila. Liweke hapa hapa, karibu na chetezo, wala usijifiche tena." Kisha akanigeukia mimi, na alinitazama kama alivyokuwa hajanitazama tangu nije. "Ahsante, mwanangu. Umefanya jambo la akili. Umetupatanisha sote."

Hapo ndipo ulipo mwaka wangu wote. Kusuma aligeuza kichwa akanitazama. Alikuwa akingoja. Nimekaa na mtazamo ule miaka arubaini na najua sawasawa alichokuwa akingoja, aliningoja niseme hapana, Bibi, sikukusudia, nilikuwa naisafisha tu, sikujua. Maneno yalikuwa machache. Lakini mwanamke yule hakuwahi kuisifu mikono yangu hata mara moja, na sasa ananisifu, tena kwa akili, na utamu wa sifa ile ulinijaa kinywani kama halwa, nikashindwa kuutema. Nilinyamaza. Kusuma akarudi chumbani.

Nilimfuata baadaye, jua likiwa bado liko juu. Alikuwa amekaa kitandani, sanduku la bati tupu, na yule wa shaba amezungushiwa kitambaa cheupe mpaka kichwani. Akaniambia habari ya macho, ambayo mimi siku ile ya homa sikuiuliza. Macho ni ya mwisho, alisema. Mtu wa shaba anaweza kukaa mwezi amekamilika na bado ni shaba. Inachaguliwa saa, fundi anaoga, anavaa nyeupe, na anapochora macho hamtazami usoni. Anampa mgongo, ameshika kioo, anachora kwa kumwona kiooni, kwa sababu jicho linapofumbuka mara ya kwanza lina nguvu, na linachokiona kwanza linakishika. Kaka yake alifanya hivyo asubuhi moja, yeye Kusuma akiwa amemshikia taa.

"Sasa shaba tu," alisema. "Bibi asema kweli."

"Kusuma, sikujua. Wallahi sikujua."

"Bibi alikutuma?"

"Hapana!"

"Alikwambia, toa macho, apate kukaa."

"Hapana, nilitaka ang'are tu."

Akanitazama tena, safari hii hangoji kitu. Ningekuwa yeye, nikaona kila kitu kimekaa sawa namna ile, macho yametoka na ruhusa imeingia siku moja, mimi mwenyewe nisingeamini. "Sawa, dada," akasema. Tangu siku hiyo kila nililomwambia alinijibu sawa, dada, kwa sauti ya upole kabisa, na sijawahi kusikia mlango uliofungwa kwa upole zaidi.

Nilijaribu. Likizo ya skuli nilikwenda Nizwa, nikamtafuta sokoni fundi mmoja mzee wa fedha, mwenye kiduka chake chini ya ngome, nikamuuliza kama anaweza kuchora macho juu ya shaba. Akaniuliza ya nini, nikamwambia. Akaweka chini nyundo yake. "Binti yangu, nitakutilia nakshi ya upanga, nitakuzibia birika. Macho sitii. Siku ya Kiyama nitaambiwa, haya, mpe na roho, nami roho nitaitoa wapi?" Hakunikaripia. Alinitilia kahawa, nikanywa, nikarudi Ibra. Hata angekubali ningempelekea nini? Kusuma alikuwa ameshamfungia mtu wake ndani ya begi, na begi chini ya kitanda, na hakuna aliyemwona tena. Bibi jambo hilo lilimuuma. "Si nimemruhusu?" alikuwa akiwauliza wanawake wa Jumatano, namsikia kutoka dirishani. "Mbona kalificha? Watu hawa huwajui wanachotaka." Sikumwambia Bibi kweli, wala mwaka ule, wala miaka mingine aliyoishi. Ningemwambia angejua kuwa ile akili aliyonisifia sikuwa nayo.

Mkataba wa Kusuma ulimalizika kabla ya wangu, na hakuongeza mwingine. Siku ya kuondoka alimkumbatia Bibi wakalia wote wawili, Bibi akampa kanga mbili na kumwombea dua mpaka dereva akapiga honi. Mimi alinipa mkono. Alisema kwaheri, dada. Kabla ya Idi ile alikuwa akiniita dada Salama, na mpaka siku hiyo nilikuwa dada tu.

Jumamosi Dilini akaja. Alikuwa mnene kidogo kuliko mama yake, na miwani, na mwendo wa mtu anayesimama wodini siku nzima. Alipofika mlangoni aliunganisha viganja, kisha akakumbuka kitu, akasema, "Shikamoo," kwa matamshi ya Bi Zuwena kabisa. Nilisahau kumwitikia. Wajukuu zangu shikamoo wananitumia kwa simu, imechorwa katuni. Nikamkaribisha, nikamtilia chai ya maziwa, nikamwekea mkate wa ufuta niliouoka asubuhi. Tukazungumza habari za Sur, za joto, za mama yake aliyeumwa figo. Halafu akafungua mkoba, akatoa furushi la kitambaa cheupe, akalifungua juu ya meza kwa viganja viwili.

Alikuwa amerudi rangi yake ya asali. Miaka ilimrudishia yote niliyomvua, kasoro yale mawili. Uso ulikuwa mtupu kama nilivyouacha.

"Mjomba wako, aliyemtengeneza, si alikuwapo," nikasema, maana ndilo swali lililonitoka. "Mbona hakumtia macho?"

"Mama alikataa," Dilini akasema. "Kila mwaka mjomba anamwambia mlete, kila mwaka anakataa. Alisema ana hasira, na jicho likifumbuka ndani ya nyumba yenye hasira litaishika hasira. Akasema ikimwisha atampeleka." Alikunywa chai kidogo. "Mwishoni alisema imekwisha. Alisema yule msichana alikuwa mgeni katika nyumba ya bibi mkali, ametumwa, angefanya nini. Akasema, nimemsamehe. Lakini akaniambia, ukipata kazi Omani mtafute, umuulize kweli alitumwa, ndipo umpeleke huyu akatiwe macho. Mjomba amekufa, yupo mwanawe. Ameshachagua siku."

Alinitazama. Alikuwa na macho ya mama yake, na alikuwa akingoja vile vile.

Lilikuwa jepesi. Neno moja, ndiyo. Bibi amekufa, Kusuma amekufa amenisamehe, na msamaha wenyewe umesimama juu ya neno hilo. Ningelisema, binti yule angerudi kwao na moyo mweupe. Nilikaa nikiuangalia uso ule mtupu juu ya meza yangu, na nilichoka, wallahi nilichoka uchovu wa miaka arubaini kwa mara moja.

"Sikutumwa," nikasema. "Bibi hakujua lolote. Mama yako aliniambia kitambaa kikavu, mimi nikatia ndimu kwa kuwa nilidhani najua kuliko yeye. Nilitaka kumfurahisha, na nilitaka kujionesha. Kisha Bibi akanisifu mbele ya mama yako, mama yako akaningoja niseme kweli, nikanyamaza kwa sababu sifa ilikuwa tamu. Nimemkosea mara mbili, na ile ya pili ndiyo mbaya zaidi."

Dilini alivua miwani akaifuta kwa ncha ya nguo, akaivaa. Nikadhani atakusanya kitambaa chake aondoke, na ningempa haki.

"Kwa hiyo mama alimsamehe mtu mwingine," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Basi nitamwambia binamu angoje." Alisema bila ukali, kama anayemwambia mgonjwa kwamba daktari amechelewa. "Sasa ni mimi nitakayejua hasira ikishakwisha." Kisha akamtazama yule mtu wa shaba, na vumbi la njia ya Sur lililomwingia mabegani, akachukua kitambaa cheupe akanisogezea. "Nimekaa garini saa tatu naye," akasema. "Mfute wewe. Mimi nimalize chai."

Nikanawa mikono, nikaifuta mpaka ikakauka, nikaweka kiganja cha kushoto chini ya kikalio. Nikaanza kichwani, kwenye ule ulimi wa moto, nikashuka kwenye masikio, shingo, mabega, mikono isiyoshika kitu. Nikarudi usoni. Nikafuta paji, mashavu, mdomo, na pale penye macho nikapita pembeni, taratibu, nisiyaguse.